Tuwarejeshee vijana 'Adili na Nduguze'

Mpe mwanafunzi wa Gredi ya 7 riwaya ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze, naye atakwama kwenye jalada. Nduguze ndiyo nini? Swali hili nimeulizwa mara kadhaa hapa Juja, hata na wanachuo. Ni "ndugu zake" kwa ufupi, jinsi mke wake anavyokuwa mkewe na mwana wake akawa mwanawe. Mtoto anayesema "mkewe" bila kufikiri tayari anayo kanuni yenyewe.

Nimeanzia hapo kwa kuwa wazazi hunieleza kwamba kitabu hiki, kilichotoka mwaka wa 1952, ni kigumu mno kwa vijana wa leo. Kigumu ni kweli. Lakini hebu tazama mtego wake. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai wa Ughaibu, anatumwa Janibu kwa liwali Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu anayesifiwa kwa wema, akiwachapa manyani wawili, kisha anawalisha na kulia nao. Sasa ni kijana gani atakifunga kitabu hapo?

Manyani hao ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa kumwonea kijicho. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza na kuamuru wachapwe kila usiku. Kwa hiyo anayeadhibu anaumia pamoja na anayeadhibiwa. Katika nchi iliyopiga kiboko marufuku shuleni mwaka wa 2001, na bado wazee wanakililia, hilo ni jambo la kujadiliana na mtoto mezani.

Majina nayo ni darasa. Ughaibu ni ndugu wa "ughaibuni", neno tunalolisikia redioni kila zinapotajwa pesa za Wakenya walio ng'ambo. Rai ni maoni au ushauri, na mfalme mwenye jina hilo kweli husikiliza kabla ya kuamua. Hasidi na Mwivu karibu ni jina moja: la kwanza limetokana na Kiarabu, la pili ni la Kibantu. Mimi huzitenganisha hivi: mwivu huumwa kwa kuwa unacho, hasidi hataki uwe nacho kabisa.

Wapo wahakiki wanaosema majina ya namna hii huwafunga wahusika: akishaitwa Hasidi, basi tena, tumeshamjua. Siafiki. Mzizi wa kisa umo katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdullah bin Fadil, ambaye nduguze waligeuzwa mbwa. Huko, wakisharudishiwa utu wanaurudia uovu na mwisho wao ni kifo. Shaaban Robert aliyakataa hayo. Kwake, Hasidi na Mwivu wanasamehewa, wanatubu, na wanakaa na ndugu yao. Mwandishi aliyewapa majina mazito kama mihuri ndiye huyohuyo aliyewafungulia mlango.

Hicho ndicho ninachotaka vijana wetu wakisome. Katika mitaa yetu, kuanzia Ruiru hadi Thika, mtoto akikosea mara mbili huwa ameshapewa jina, na jina hilo humtangulia hadi shule ya upili. (Walimu wenzangu, tusijifanye hatuyajui majina ya chumba cha walimu.)

Ushauri wangu kwa mzazi: usimwachie mtoto kitabu peke yake. Msomee kwa sauti kurasa za mwanzo, mpaka manyani watokee, kamusi ikiwa karibu. Maneno mengine yapite tu. Atayaelewa kutokana na kisa. Na usimwambie mapema manyani hao ni nani.