Umegonga 35 na Unataka Kushika Trela? Bado Hujachelewa

Msee, kama uko Kitale ama Bungoma na boda imekuchosha, usidhani lori ni za vijana. Kwa NTSA, leseni ya trela, ile CE, haupewi kabla ufikishe miaka 28. Hapa umri si noma.

Noma ni kuruka hatua. Leseni ya gari ndogo haikufikishi kwa trela. Unapanda kutoka lori ndogo, ya kati, ndio CE. So weka doo ya kusukuma hiyo miaka. Anza na mahindi za Kitale kabla uote kupiga foleni Malaba ukienda Uganda.

Na sheria inasema masaa 8 ya kuendesha kwa siku. Bosi akikuambia uzidishe, kumbuka atakayelala kwa mtaro ni wewe.