Mgonjwa wa Kiharusi Anapopaliwa

Tunapompelekea mgonjwa chakula, au Komunyo Takatifu, huuliza kwanza kama ana hamu ya kula. Kwa aliyepata kiharusi au mwenye ugonjwa wa Parkinson, swali la kwanza ni jingine: je, anameza salama?

Ubongo ukiumia, misuli ya koo huchelewa kufunga njia ya hewa. Tonge au maji huingia mapafuni na huweza kuleta nimonia. Kukohoa wakati wa kula, sauti yenye majimaji baada ya kunywa, chakula kubaki shavuni: hizo ni dalili. Lakini wapo wanaopaliwa bila kukohoa kabisa, na hao ndio wa kuogopewa zaidi.

Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hapaswi kupewa kitu mdomoni, hata dawa, kabla ya kupimwa. Kipimo cha kwanza ni rahisi: akiwa macho na ameketi wima, hunyweshwa maji kidogo kidogo, huku mpimaji akisikiliza kikohozi na sauti. Shaka ikibaki, humezeshwa bariamu chini ya eksirei inayoonyesha mwendo, au hupitishwa puani mpira mwembamba wenye kamera. Hapo ndipo yule asiyekohoa hugundulika.

Akikutwa hawezi kumeza kigumu, mwambieni padre mapema. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 925, inaruhusu Komunyo kwa umbo la divai peke yake penye ulazima. Ila kimiminika nacho huweza kumpalia. Basi yawe matone machache kwa kijiko, tena baada ya kumuuliza muuguzi.