Injini za visima vya kaskazini mashariki huharibika zikiwa zimelala

Kutulo ni mji wa wafugaji ulio mpakani mwa kaunti za Mandera na Wajir, kwenye barabara ya kwenda El Wak. Mto hakuna, na mwenye boti angeiegesha mchangani. Lakini ukitaka kuona jinsi injini ya dizeli inavyoweza kula fedha za umma, eneo hili lina mengi ya kukuonyesha kuliko bandari nyingi. Kisima kirefu cha mashine huendeshwa na jenereta, jenereta huendeshwa na injini, na injini ikikataa kuwaka, ngamia na mbuzi waliotembea siku mbili husimama kwenye birika kavu.

Umri wa injini huhesabiwa kwa saa. Nyingi za ukubwa huo hutakiwa kubadilishwa oili kila baada ya saa 250. Kisima kikifanya kazi saa 8 kwa siku, huo ni mwezi mmoja hivi. Ukame ukibisha na mashine ikakesha saa 20, saa 250 zimekwisha kabla ya wiki mbili. Je, kamati ya maji ina oili ya kubadilisha mara mbili kwa mwezi, pamoja na filta zake? Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na visima vilivyobaki vikifanya kazi ndivyo vilivyobebeshwa mzigo wa vile vilivyokufa.

Mzigo huo umepimwa. Watafiti walifuatilia kwa vihisi visima na vituo vya maji 221 kaskazini mwa Kenya na katika eneo la Afar nchini Ethiopia. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kuwa baada ya wiki isiyo na mvua, mashine hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi kwa asilimia 23 kuliko baada ya wiki yenye mvua. Mfugaji hakuhitaji kihisi kulijua hilo. Mhasibu wa kaunti alikihitaji.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo ambao hauzungumzwi sana. Mvua ikinyesha, wafugaji huhamia kwenye malambo na madimbwi ya laga, kisima hufungwa ili kuokoa dizeli, na injini hulala wiki kadhaa, pengine miezi. Hapo ndipo ugonjwa huanza. Injini ikizimwa, oili huteremka taratibu hadi kwenye sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini. Iliyolala usiku mmoja bado ina utando wa oili kwenye beringi. Iliyolala tangu Aprili hadi Juni imebaki na utando hafifu mno, na unyevu wa mvua umeingia ndani yake. Siku lambo linapokauka, watu huja mbio, opareta hupiga stata, na krenki huzunguka sekunde kadhaa chuma kwa chuma kabla pampu ya oili haijajaza mifereji yake. Mara nyingi mzigo wa pampu ya kisima hutupwa juu yake papo hapo, kwa kuwa umati umesimama nje. Fundi akija kuifungua injini hiyo baadaye hahitaji vipimo vingi: beringi ya konrodi, ambayo ngozi yake ingepaswa kuwa ya kijivu nyororo, imekwaruzwa hadi tabaka la rangi ya shaba limechomoza.

Wenye meli walilitatua tatizo hili zamani. Injini kubwa za meli, na za vituo vya umeme vya dizeli kama vile vya Kipevu, Mombasa, huwa na pampu ndogo inayojitegemea, ya kulainisha kabla ya kuwasha. Kazi yake ni kuvuta oili kutoka kwenye sampu na kuisukuma hadi kwenye beringi kabla injini haijazunguka hata mara moja. Geji isipoonyesha presha inayotakiwa, mfumo hauruhusu mashine iwashwe. Kwa injini ndogo sokoni kuna aina tatu hivi za mfumo huo: pampu ya umeme inayotumia betri, tangi dogo linalohifadhi oili yenye presha wakati wa kuzima na kuiachia kabla ya kuwasha tena, na pampu ya mkono, ya kizamani, ambayo baadhi ya dizeli za boti zilikuja nayo kutoka kiwandani.

Wauzaji wa mifumo hii hupenda kudai kwamba sehemu kubwa ya uchakavu wa injini hutokea wakati wa kuwasha. Madai hayo yana ukweli kwa gari la mjini linalowashwa mara kumi kwa siku. Kwa injini ya kisima inayowashwa mara moja ikafanya kazi saa 20, sikubaliani nayo. Hiyo huuawa na vumbi linalopita kwenye filta ya hewa iliyotoboka, oili iliyopitiliza muda, na joto. Ukinunua pampu ya kulainisha kwa ajili ya mashine isiyo na oili safi, umetupa fedha. Tena pampu ya umeme hutegemea betri, na betri za visima vingi ni hadithi nyingine: opareta huazima ya lori ndipo awashe.

Hata hivyo hesabu inabadilika, na sababu yake ni jua. Mradi wa serikali wa umeme wa jua nje ya gridi, uitwao KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017, ulilenga kaunti 14, Mandera, Wajir na Garissa zikiwamo, na pampu za jua za visima vya jamii zilikuwa sehemu yake. Mashirika mengine na kaunti zenyewe nazo zimekuwa zikifunga paneli. Mtindo unaopendwa ni wa mseto: jua mchana, jenereta usiku au siku ya mawingu. Bili ya dizeli hushuka, jambo jema. Lakini jenereta iliyokuwa ikifanya kazi kila siku sasa huwa ya akiba. Hulala wiki tatu, huamshwa kwa dharura, hupewa mzigo wote mara moja, kisha huzimwa. Saa zake ni chache, ila kila mwasho wake ni mkavu. Kwa mashine ya namna hiyo, dai la wauzaji linaanza kuwa na uzito.

Boti za Garissa zimo katika hali hiyo hiyo. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili 2024, barabara ya Garissa kwenda Madogo ilikatika na watu wakavushwa kwa boti. Maji yakishuka, boti ya uokoaji hukaa bila kazi hadi mafuriko mengine. Wenye mashine za nje za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli, mfumo wa kulainisha kabla ya kuwasha hauwahusu, kwa kuwa mashine hizo hazina sampu. Za mipigo minne na dizeli za ndani zinauhitaji, au angalau zinahitaji kuwashwa mara moja kila baada ya wiki kadhaa.

Kabla ya kununua chochote, yako mambo ambayo hayagharimu kitu. Kwenye injini ya zamani ya Lister yenye hendeli, inua wenzo wa kuachia mgandamizo, zungusha mara ishirini au thelathini, ndipo ushushe na kuwasha. Kwenye injini ya stata, vuta kizimio ili dizeli isiingie, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili iinuke, pumzisha stata, kisha washa. Filta mpya inayofungwa wima ijazwe oili kabla ya kufungwa. Na mzigo wa pampu usubiri dakika tatu hadi tano, hata kama wenye ngamia wanapiga kelele. Opareta anayelipwa kwa wakati hufanya haya yote; asiyelipwa miezi minne huwasha na kwenda zake.

Fedha za kufanya zaidi ya hapo zipo, kwa sababu tayari hutumika kila injini inapofunguliwa: fundi kutoka mbali, vipuri kutoka maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, malori ya kusambaza maji wakati kisima kimezima. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambayo sehemu yake inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2020 na ambayo inapita Kutulo, itapunguza siku za kusubiri vipuri, lakini haitazuia beringi kukwaruzwa.

Kwa hiyo idara za maji za Mandera, Wajir na Garissa zinapoandika zabuni za mitambo ya mseto, ziongeze mistari minne kwenye masharti: pampu ya kulainisha kabla ya kuwasha, ya mkono ikiwezekana, swichi inayozima injini presha ya oili ikishuka, mita ya saa inayofanya kazi, na akiba ya oili na filta za kutosha saa 1,000. Mwanakandarasi asiyeweza kuvitoa vitu hivyo, bei yake ya chini isihesabiwe kuwa nafuu.