Damu Haijapungua, Imezimuliwa

Septemba 2025 Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa sekunde 0.03. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ndiyo iamue. Nchi nzima ilizungumzia kipande kile cha sekunde. Mimi nilikuwa natazama tarehe nyingine: miezi mitano nyuma, Aprili, Simbu alikuwa wa pili Boston. Na mwaka 2017, alipopata shaba ya dunia London mwezi Agosti, alikuwa ameshashinda Mumbai mwezi Januari. Boston na Mumbai si mbio za kunyoosha viungo. Zina fedha zake na heshima yake. Hata hivyo mpangilio unavutia: mbio ngumu mapema, kisha ile yenyewe.

Nilikuwa bado nazizungusha tarehe hizo kichwani nilipopata ujumbe wa msomaji anayeuza spea za baiskeli Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Anacheza triathloni kwa mapenzi tu. Alfajiri ya Jumapili anavuka na pantoni kwenda kuogelea Kigamboni, baiskeli anaendesha kabla malori hayajaamka, mbio anakimbia na wenzake wa joging kuanzia Mnazi Mmoja. Ndoto yake ni Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, ambako Rwanda ilianza mwaka 2022 kuandaa mashindano ya nusu Ironman: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, mbio 21.1. Ili aufungue msimu, alikimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi. Akachemsha. Wiki moja baadaye, kwa kuwa miguu ilikuwa bado mizito, akaenda maabara kupima. Himoglobini ilikuwa 14.4 mwezi Desemba. Sasa ikasoma 13.5. Mama yake akamwekea jagi la rozela mezani. "Dada," akaniuliza, "hizi mbio za mwanzo wa msimu si ndizo zinazonimaliza damu? Niziache?"

Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayetupia punje ya chumvi, akaongeza kwamba mapigo ya moyo anayoyahesabu kila asubuhi kabla hajatoka kitandani yameshuka kutoka 58 hadi 52.

Namna ya kupanga msimu sitaieleza. Makocha wanaijua kuliko mimi, na majedwali yao yananiletea usingizi. Nakwenda moja kwa moja kwenye ile punje ya chumvi. Mtu aliyeishiwa damu kweli moyo wake hukimbia, maana unalazimika kufidia. Huyu moyo wake umetulia. Kwa hiyo kuna kitu hapo ambacho kipimo cha maabara hakikukiona.

Tufanye hesabu. Chukua mtu mwenye lita tano za damu. Kipimo cha 14.4 maana yake kila desilita ina gramu 14.4 za himoglobini, kwa hiyo lita tano zina gramu 720. Sasa ongeza theluthi moja ya lita ya maji, karibu chupa moja ya soda, bila kugusa hata seli moja nyekundu. Gramu 720 zile zile sasa zimo ndani ya lita 5.33. Gawanya: 13.5. Hakuna damu iliyopotea. Maabara hupima uzito wa mchuzi, haihesabu vipande vya nyama.

Na mchuzi ndio mfano wangu. Twende kwa mama lishe yeyote wa Kariakoo, saa moja asubuhi, sufuria la supu ya ng'ombe jikoni. Nyama ni seli nyekundu zinazobeba oksijeni. Mchuzi ni plazma, yale maji ya damu. Upawa ni moyo. Foleni ya kwanza ni misuli: makuli, wasukuma mikokoteni, watu wenye njaa ya kweli, wanataka nyama. Siku ya baridi mama anawahudumia hao tu na kila mtu anaridhika. Lakini Februari ya Dar ina foleni ya pili, nayo ni ngozi. Ngozi haitaki nyama hata kidogo. Inataka mchuzi wa moto, mwingi, ili iupeleke nje ukapoe na kurudi. Tatizo ni kwamba mama ana upawa mmoja na sufuria moja, na anayekuja kutaka mchuzi huondoka na nyama ndani yake. Isitoshe, ile foleni ya pili inamwaga. Jasho ni mchuzi uliomwagwa sakafuni, na katika unyevu wa pwani sehemu kubwa yake hudondoka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili, kama vile mtungi usivyopoza maji masika hewa ikiwa nzito. Sufuria inapungua, upawa unapanda nusu tupu, basi mama achote haraka haraka. Ndiyo yale mapigo ya moyo yanayopanda taratibu kilomita baada ya kilomita ingawa mkimbiaji hajaongeza mwendo. Mtu wetu alichemsha Moshi hivyo hivyo.

Usiku ule, mtu wetu akiwa amelala gesti anajilaumu, figo zake zilikuwa kazini. Damu ilipopungua maji, mwili ulimwaga homoni iitwayo aldosteroni, na hiyo huziamuru figo zisiachie chumvi. Homoni nyingine ikazizuia zisiachie maji. Kufikia siku ya pili kuna jambo zuri zaidi, ambalo nikilifikiria hucheka peke yangu. Ndani ya plazma kuna protini inayoitwa albumini, na mazoezi makali huiongeza: ini huitengeneza zaidi, na ile iliyokuwa imejificha katikati ya tishu hurudishwa kwenye mishipa. Albumini ni kama sponji. Gramu moja hushika maji mililita 15 au zaidi. Gramu 22 hivi, uzito wa vijiko vichache vya sukari, zinatosha kuifanya ile chupa ya soda ikae ndani ya mishipa isitoroke. Hakuna aliyekunywa dawa, hakuna aliyetundikiwa dripu.

Kitu hiki kinahitaji jina. Wazungu wamekiita anemia ya wanamichezo, na wengi wao wanakiri kuwa jina hilo ni uongo kwa sababu si anemia. Kwa Kiswahili tuna kitenzi safi kabisa: kuzimua, kukitia maji kitu kikali ili kipungue makali. Basi mzimuo wa damu? Nimelijaribu mbele ya watu wawili. Wa kwanza alidhani nazungumzia mizimu, wa pili akacheka kwa sababu mtaani kuzimua ni ile bia ya asubuhi ya kutuliza hangova ya jana. Uzimuaji linanuka semina. Nimerudi kwenye kirai kizima, damu iliyozimuliwa, kirefu lakini hakina pepo wala bia ndani yake.

Supu iliyozimuliwa inamsaidiaje mteja? Rudi jikoni. Sufuria sasa imejaa hadi ukingoni, na upawa ukizama unapanda umejaa pomoni. Moyo una tabia hiyo: ukijazwa zaidi, hujinyoosha na kusukuma zaidi kwa pigo lile lile. Nyama kwa kila bakuli imepungua kidogo, lakini bakuli ni kubwa, kwa hiyo misuli haikosi, na ngozi inapata mchuzi wake bila ugomvi. Mama anachota mara chache kwa dakika. Mara 52 badala ya 58.

Kisha, na hapa mfano unaanza kunivunjikia mkononi, mama huonja. Figo hizo hizo zilizoongeza maji ndizo zinazogundua kwamba mchuzi umekuwa mwepesi, na zinatuma mtoto buchani: homoni ya erithropoietini, inayokwenda kwenye uboho wa mifupa kuagiza seli nyekundu mpya. Mzigo huo huchukua wiki kadhaa kufika. Maji kwanza, nyama baadaye. Ni homoni ile ile ambayo waendesha baiskeli wa Ulaya walikuwa wakijichoma kwa sindano miaka ya 1990.

Ndiyo maana nazipenda mbio za mapema, hasa zile ulizozikimbia vibaya. Mazoezini mtu huona mwembe, akasimama kivulini. Akiwa na namba kifuani hasimami. Moto ule, kwa muda ule, ndio figo huuelewa. Lakini zawadi hii haihifadhiki ghalani: ukikaa bure wiki mbili tatu, sehemu kubwa ya maji yale huondoka. Mbio za Februari hazimlipi mtu Agosti. Zinamlipa Machi, kwa kumwezesha kufanya mazoezi ambayo Januari yalikuwa yakimshinda, na Machi hiyo ndiyo inayojenga Aprili.

Ndiyo, upungufu wa damu wa kweli upo, na hapa nchini upo mwingi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanao. Anayehema kwa kupanda ngazi aende hospitali.

Nilimjibu muuza spea asiache mbio, asipime damu katika wiki inayofuata mashindano, na akipima tena apeleke pia daftari lake la mapigo ya asubuhi. Rozela anywe, ikiwa baridi ina raha yake, ila jagini atie na chumvi kidogo, maana albumini peke yake haifanyi kazi yote. Akanijibu kwamba mama yake ameonja ile chumvi na amekataa kabisa kuamini kuwa nimesoma sayansi.