Ni Nani Alipaye Chanjo ya Mtoto?

Chanjo za watoto hutolewa bure. Basi huenda mama wa Lubutu akadhani kwamba dawa hiyo haina bei. Bei inayo, ila walipaji wengi wako mbali. Tangu mwaka 1985 chama cha Rotary hukusanya fedha ili ugonjwa wa kupooza watoto ukomeshwe duniani. Mwaka 1999 Bill Gates, tajiri wa Marekani, pamoja na Melinda, mkewe wa wakati ule, waliahidi dola milioni 750, na mwaka 2000 likaanzishwa shirika la Gavi, ambalo serikali nyingi pia hulichangia. Gavi hugharimia chanjo za nchi maskini, na UNICEF huzinunua kwa wingi ili bei ishuke.

Lakini dawa ikisha nunuliwa, bado safari. Katika zahanati chanjo ya surua hutunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na Lubutu iko msituni, kwenye njia itokayo Kisangani kwenda Bukavu. Tena chupa moja mara nyingi ina dozi 10, nayo ikisha changanywa na maji yake haina budi kutumika ndani ya saa 6, inayobaki humwagwa. Ndiyo sababu muuguzi husita kuifungua kwa ajili ya mtoto mmoja, na mama aliyeshika njia tangu alfajiri huambiwa arudi siku nyingine. Wengine hawarudi, nami siwezi kuwalaumu.

Surua haingoji. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 watu zaidi ya 310,000 wa Kongo walidhaniwa kuugua, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Katika Julai 2019 wakuu wa nchi na wa majimbo walikutana Kinshasa wakaahidi kuipatia chanjo fedha ya serikali yenyewe.

Ahadi hiyo sasa ina uzito zaidi. Katika Juni 2025, mjini Brussels, Gavi iliomba dola bilioni 11.9 kwa miaka 2026 hadi 2030, ikapata ahadi za bilioni 9 na kitu. Mfuko wa Gates uliahidi bilioni 1.6, nayo serikali ya Marekani ikatangaza kwamba haitatoa tena.

Wazazi wenye watoto wa miezi 9 na waulize zahanatini siku ya kuchanja surua, wakaende pamoja na majirani, ili chupa ifunguliwe.