Je, Wajua? Roboti ya Ukoka Ikifika Bukoba

Je, wajua kuwa roboti ya kukata nyasi haina panga wala kisu kirefu? Nyingi hubeba nyembe tatu tu, ndogo, zilizoshikizwa kwa skrubu kwenye sahani inayozunguka. Zikigonga kijiti, zinajikunja na kukipisha!

Usishangilie bado. Tawi nene halipishwi: nyembe hupata mapengo na mashine husimama. Parachichi bovu nalo hunata chini ya sahani. Ndiyo maana watengenezaji wanakutaka uokote matawi, mawe na matunda kwanza. Haya, vuta picha ya ua wa Muleba, mkoani Kagera, mparachichi umezaa kupita kiasi: roboti imetulia, wewe umeinama unaokota. Mtumishi ni nani hapo?

Na muhumula je? Mti huu hujipogoa wenyewe. Matawi ya chini hufa na kuanguka bila mtu kupanda na panga, nawe unarudi kuokota. Jina lake la kisayansi ni Maesopsis eminii, kwa heshima ya Emin Pasha. Ndiyo, yuleyule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890!

Bukoba hunyeshewa takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi hata 700! Roboti nyingi hazijali kulowa, lakini zikikuta majani ya miti yaliyolowa na kurundikana, magurudumu huteleza palepale.

Kuna radi pia. Usiku, ngurumo hupenda upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, yaani huku kwetu. Roboti nyingi huongozwa na waya uliozungushwa kwenye ua, na radi ikikaribia unashauriwa kuuchomoa. Kwa hiyo uamke usiku wa manane, mwenzangu, ukaiokoe!

Unadhani ni kitu cha juzi? Roboti iitwayo Mowbot iliuzwa Marekani mwaka 1969 kwa dola 795. Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Sweden ikatoa inayotumia jua. Mashine ya kwanza kabisa ya kukata ukoka ni ya 1830: Mwingereza Edwin Budding aliiga mtambo wa kunyoa vitambaa vya sufu!

Huko Köln, Ujerumani, tangu 2024 roboti za kukata nyasi haziruhusiwi kufanya kazi usiku. Sababu? Kalunguyeye, mnyama wa usiku. Akitishwa hakimbii, anajiviringisha tu na kungoja, nyembe zikamkuta hapohapo.

Roboti haikusanyi nyasi. Hukata vipande vidogo mno na kuviacha hapohapo virutubishe udongo. Bibi wa Kamachumu hatashangaa: nyasi za rweya, yaani mbuga ya nyasi, zimetandikwa chini ya migomba ya kibanja, shamba la nyumbani, tangu enzi za mababu. Tena wahunzi wa Kihaya walichoma nyasi za kinamasi ndani ya tanuri walipoyeyusha chuma!

Na Kaitaba, uwanja wa mpira maarufu kuliko vyote Bukoba? Nyasi zake ni bandia. Roboti ikipelekwa pale itazunguka bure mpaka betri iishe!