Je, Wajua? Msuli Huhitaji Nguvu Hata Kuachia

Mnadani Katesh, chini ya Mlima Hanang, paja la mbuzi aliyechunwa punde bado hutetemeka likiguswa kisu. Liache saa kadhaa: linakakamaa kama ubao. Wachinjaji wanayajua yote mawili, ingawa kinachoyaleta hakionekani kwa macho.

Chukua mnofu uliochemshwa, uchambue kwa vidole. Utapata nyuzi, na ndani ya kila uzi kuna nyingine nyembamba zaidi, hadi macho yashindwe. Huko chini kabisa kuna vyumba vilivyojipanga foleni, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 0.002 hivi. Ndani yake nyuzi nene za protini iitwayo miosini zimepishana na nyuzi nyembamba za aktini. Mwaka 1954 Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na kando yao Hugh Huxley na Jean Hanson, walionyesha kwamba msuli unapojikunja nyuzi hizo hazifupiki hata kidogo. Zinateleza, hizi zikiingia kati ya zile. Kinachofupika ni chumba.

Mvutaji ni miosini, yenye vichwa vingi vinavyochomoza pembeni. Neva ikituma amri, kalsiamu humwagika kutoka ghala lake ndani ya seli, hunasa kwenye protini iitwayo troponini, na kifuniko kilichoziba aktini husogea. Basi vichwa vinashika, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele zaidi, kama mtu anayepandisha ndoo kisimani mkono kwa mkono. Mvuto mmoja ni takriban sehemu 1 tu ya 100,000 ya milimita. Kinachonyanyua jembe ni wingi wa vichwa.

Na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Kichwa hakiwezi kuachia mpaka kipate ATP, ile kemikali inayobeba nishati mwilini. Mnyama akifa, ATP huisha, vichwa hubaki vimeng'ang'ania, na paja hukakamaa. Kumbe kulegea nako kuna gharama!

Akiba ya ATP msulini ni ya sekunde chache tu. Mkimbiaji wa mbali lazima aitengeneze upya njia nzima, kwa chakula na oksijeni. Gidamis Shahanga wa Katesh aliimudu kazi hiyo hadi dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978, kisha dhahabu ya mita 10,000 kule Brisbane 1982.

John Stephen Akhwari wa Mbulu aliifanya katika hali ngumu zaidi. Marathoni ya Olimpiki ya 1968 ilikuwa Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, penye hewa nyepesi. Alianguka njiani, goti likaumia vibaya. Akafungwa bandeji, akaendelea, akifika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Walianza 75, wakamaliza 57. Yeye alikuwa wa 57.